Dawa Mpya ya Kifafa: Maudhi Yanayopita, Dalili za Kuwahi Hospitali na Hatari ya Kuacha Ghafla

Mgonjwa wa kifafa anayeanzishiwa dawa katika hospitali au kituo cha afya wilayani Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, hurudi nyumbani na pakiti ya vidonge, tarehe ya kurudi kliniki na, mara nyingi, hofu. Ndani ya siku chache anaweza kusinzia mchana kutwa, kupata kizunguzungu anapoinuka kitandani au kuona kitu kimoja kama viwili. Jirani humwambia kuwa dawa hizo zinaharibu akili. Ndugu humshauri azipumzishe kwanza. Uamuzi anaoufanya katika siku hizo una uzito kuliko anavyodhani, kwa sababu dawa ya kifafa ikikatishwa ghafla inaweza kumrudishia mgonjwa kifafa kikali kuliko kile alichokuwa nacho kabla ya kuanza tiba.

Makala haya yanaeleza kinachotarajiwa mwili unapoanza kuzoea dawa ya kifafa, maudhi yapi hupita yenyewe, yapi hurekebishwa na mtoa huduma kwa kubadili dozi au dawa, na dalili zipi zinamtaka mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo. Hayachukui nafasi ya maelekezo ya daktari aliyempima mgonjwa.

Ugonjwa wenyewe

Kifafa hutokea pale umeme wa ubongo unapotoka katika mpangilio wake wa kawaida, mtu akaanguka, akakakamaa na kutikisika, au, kwa aina nyingine za kifafa, akaduwaa kwa sekunde chache bila kuanguka. Hakiambukizwi kwa mate, kwa povu wala kwa kumgusa aliyeanguka. Kisichanganywe na kifafa cha mimba, ambacho ni tatizo la shinikizo la damu kwa mjamzito, wala na degedege linalompata mtoto mdogo mwenye homa kali, ingawa hali zote tatu huonekana kwa mtikisiko wa mwili.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 50 duniani wanaishi na kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo linaeleza pia kuwa hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka endapo watatambuliwa mapema na kutumia dawa ipasavyo. Hapa nchini, uchunguzi wa kijamii uliofanywa katika vijiji vya Wilaya ya Ulanga na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1992 ulikuta takriban watu 10 wenye kifafa katika kila watu 1,000. Baadaye, tafiti za Wilaya ya Hai zilionesha kuwa takriban wawili kati ya kila wagonjwa watatu hawakuwa kwenye tiba.

Vyanzo ni vingi: malaria iliyopanda kichwani, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa kwa ajali, uti wa mgongo uliochelewa kutibiwa, na mayai ya tegu wa nguruwe yanayoingia mwilini na kufanya uvimbe katika ubongo. Utafiti uliofanyika Burundi, nchi inayopakana na wilaya hizi za Kigoma, na kuchapishwa mwaka 2003, ulimtaja tegu huyo kuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya kifafa katika eneo lililochunguzwa. Kwa wagonjwa wengi chanzo hakijulikani, na hilo halizuii tiba kuanza.

Kwa nini maudhi hujitokeza mwanzoni

Dawa za kifafa hufanya kazi kwa kutuliza ubongo. Dawa haichagui kutuliza lile eneo linaloleta mtikisiko peke yake. Katika siku za mwanzo hutuliza pia sehemu zinazomfanya mtu awe macho, asimame imara na kuratibu macho yake. Ndiyo maana usingizi, uchovu, kizunguzungu na kichefuchefu ndiyo malalamiko yanayosikika zaidi kliniki katika mwezi wa kwanza. Ubongo huzoea, na kwa wagonjwa wengi maudhi hayo hupungua ndani ya wiki chache bila dozi kuguswa.

Kwa sababu hiyo hiyo mtoa huduma huanza na dozi ndogo na kuiongeza hatua kwa hatua. Mgonjwa anayeona amepewa vidonge vichache asidhani amepunjwa, na yule anayeongezewa dozi katika ziara ya pili asidhani ugonjwa umemzidi. Kuongeza haraka ili kupona haraka ndiko kunakoleta maudhi makubwa, na hapo wagonjwa wengi hukata tamaa.

Dozi ya mtoto hukadiriwa kwa uzito wake, kwa hiyo vidonge vya kaka mtu haviwezi kumfaa mdogo wake, hata kama wote wawili wana kifafa na wanaishi nyumba moja.

Dawa moja baada ya nyingine

Fenobabitoni ndiyo kongwe kuliko zote zinazotumika leo. Ilianza kutumika mwaka 1912, ni ya bei nafuu, na katika ngazi za chini za huduma ndiyo ambayo wagonjwa wengi huanza nayo. Hukaa mwilini muda mrefu: kwa mtu mzima huchukua takriban siku nne nusu ya dozi moja kutoka, na kwa hiyo hujilimbikiza kidogo kidogo hadi kufikia kiwango chake tulivu baada ya wiki mbili hadi tatu. Jambo hili lina maana mbili kwa anayeanza. Kwanza, usingizi unaweza kuongezeka katika wiki ya pili kabla ya kupungua. Pili, si haki kuihukumu dawa siku ya tatu kwa kuwa mgonjwa ameanguka tena. Haijafika kiwango chake. Kwa kuwa inakaa muda mrefu, kwa kawaida humezwa mara moja kwa siku, wakati wa kulala, na hivyo sehemu ya usingizi wake hupita usiku.

Kwa baadhi ya watoto fenobabitoni hufanya kinyume cha inavyotarajiwa. Badala ya kusinzia, mtoto huwa hatulii, hulia ovyo, hupigana na wenzake na kushindwa kusikiliza darasani. Wazazi huona amekuwa mtundu na kumwadhibu. Mabadiliko kama hayo yakianza baada ya dawa kuanza, yanapaswa kuelezwa kliniki, kwa sababu dozi inaweza kurekebishwa au dawa kubadilishwa.

Kabamazepini huleta zaidi kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, kuyumba na kichefuchefu, hasa saa moja au mbili baada ya kumeza. Kumeza pamoja na chakula hupunguza kichefuchefu. Ni dawa inayolifundisha ini kuiondoa yenyewe kwa kasi zaidi, kiasi kwamba baada ya wiki kadhaa dozi ile ile huacha kiwango kidogo zaidi katika damu. Kuongezewa dozi wakati huo ni jambo la kawaida. Kwa aina chache za kifafa, zile za kuduwaa kwa sekunde au kushtuka ghafla kwa mikono, kabamazepini inaweza kuzidisha tatizo. Hapa ndipo shahidi anapohitajika. Mgonjwa mwenyewe hakumbuki alivyoanguka. Aliyemwona akianguka ndiye anayeweza kumweleza daktari kama mtikisiko ulianzia upande mmoja, ulichukua muda gani na kama kulikuwa na kuduwaa kwanza. Familia imtume mtu huyo kliniki, si yule tu mwenye nafasi siku hiyo.

Fenitoini inataka uangalifu wa pekee kwa sababu nafasi kati ya dozi inayotosha na dozi iliyozidi ni nyembamba. Ikizidi, mgonjwa hutembea kama mlevi, macho hucheza na ulimi huwa mzito. Kwa matumizi ya muda mrefu fizi huvimba na kufunika meno, na nywele zinaweza kuota usoni. Kupiga mswaki vizuri kila siku hupunguza tatizo la fizi.

Sodiamu valproeti inaweza kuleta kichefuchefu, kutetemeka mikono, kuongezeka uzito na kupungua nywele. Mara chache hudhuru ini, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa watoto wa chini ya miaka miwili. Suala lake kwa wanawake limeelezwa mbele. Katika hospitali kubwa zipo pia lamotrijini, ambayo huongezwa polepole mno ili kuepusha upele mkali, na levetirasetamu, ambayo kwa baadhi ya watu huleta hasira za haraka na huzuni.

Swali la wengi ni kama dawa ya bei nafuu ina maudhi zaidi au nguvu kidogo. Jibu moja lilipatikana jirani, Nakuru nchini Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1991. Wagonjwa 302 wa vijijini na mijini waligawanywa, baadhi wakapewa fenobabitoni na wengine kabamazepini, wakifuatiliwa na watoa huduma wa ngazi ya msingi. Kati ya 249 waliomaliza mwaka mzima, zaidi ya nusu hawakuanguka kabisa katika miezi sita ya mwisho, na dawa hizo mbili hazikutofautiana kwa uwezo wa kuzuia kifafa. Waliofanikiwa walikuwa wale waliodumu na dawa.

Dalili za kuwahi hospitali

Maudhi yaliyotajwa juu yanaudhi lakini hayaui. Yapo mengine machache ambayo hayangojwi.

La kwanza ni upele. Upele mdogo unaweza kutokana na mambo mengi, lakini upele unaoambatana na homa, vidonda mdomoni au sehemu za siri, macho mekundu, uso kuvimba au ngozi kuchubuka ni dharura. Kabamazepini, fenitoini, fenobabitoni na lamotrijini zote zinaweza kuuleta, na kwa kawaida hutokea ndani ya miezi miwili ya kwanza. Mgonjwa mwenye dalili hizo afike hospitali siku hiyo hiyo, kabla ya kumeza dozi inayofuata, akiwa na vidonge vyake mkononi, ili daktari aamue kuhusu kuisimamisha dawa na kumkinga na kifafa kwa njia nyingine.

Macho au ngozi kuwa ya manjano, kutapika kusikokoma, maumivu makali ya tumbo, kutokwa damu au michubuko isiyo na sababu, na homa yenye koo kuuma inayojirudia, yote hayo yanahitaji uchunguzi wa haraka. Vivyo hivyo usingizi mzito kiasi cha mgonjwa kutoamka vizuri kula na kunywa, au kuyumba kiasi cha kushindwa kutembea. Mara nyingi hiyo ni ishara ya dozi kuzidi. Mgonjwa anayeanza kusema maisha hayana maana au kujitenga kwa namna isiyo ya kawaida yake asiachwe peke yake, na apelekwe kuonana na mtoa huduma wa afya ya akili.

Kuanguka kunakozidi dakika tano, au kuanguka mara ya pili kabla fahamu hazijarudi, ni dharura kwa mgonjwa yeyote, awe kwenye dawa au la. Wakati usafiri ukitafutwa, alazwe ubavu, vitu vya hatari viondolewe karibu naye, na asiwekewe kijiko wala kitu chochote mdomoni. Asinyweshwe maji wala dawa hadi azinduke.

Kuacha ghafla

Ubongo uliozoea kutulizwa hujipanga upya ukiitegemea dawa. Dawa ikiondolewa kwa siku moja, hakuna cha kuuzuia, na mtikisiko unaweza kuja mfululizo bila mgonjwa kupata fahamu katikati. Hali hiyo huua. Fenobabitoni ni miongoni mwa dawa zinazojulikana zaidi kwa tatizo hili.

Historia ya Tanzania ina ushahidi wa muda mrefu. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, Dkt. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa karibu na mwaka 1960. Taarifa ya ufuatiliaji wa miaka 30 ya wagonjwa 164 wa kliniki hiyo, iliyochapishwa mwaka 1992, ilionesha kuwa dawa za kawaida za wakati huo ziliwamalizia zaidi ya nusu ya wagonjwa tatizo la kuanguka. Taarifa hiyo hiyo iliorodhesha vifo vingi vilivyotokana na kifafa chenyewe, vikiwemo vya kifafa cha mfululizo, kuzama majini na kuungua moto. Anayepima hofu ya maudhi ya kidonge anapaswa kuweka orodha hiyo upande wa pili wa mizani.

Sababu za kuacha hazifanani. Yuko anayeacha kwa sababu ya usingizi. Yuko anayeacha kwa sababu amekaa miezi mitatu bila kuanguka na kujiona amepona, ilhali ni dawa inayomkinga. Yuko anayeelekezwa na mtoa tiba asili kuacha vidonge ili dawa ya miti ifanye kazi. Huyo amweleze mtoa huduma wa kliniki anachotumia, bila kuficha, na asiache vidonge. Na yuko ambaye hakuamua kuacha, bali dawa ilimwishia.

Huyu wa mwisho ndiye anayestahili kufikiriwa zaidi katika maeneo kama Kibondo na Kasulu, ambako kijiji kinaweza kuwa mbali na hospitali na mvua hudumu miezi mingi ya mwaka. Barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa takriban kilometa 260, ambayo imekuwa ikijengwa kwa kiwango cha lami, inarahisisha safari za njia kuu, lakini bado kuna mwendo wa kutoka kitongojini hadi barabarani. Mgonjwa ahesabu vidonge vyake kila wiki na kurudi kuchukua vingine vikiwa vimebaki vya siku saba angalau. Zahanati ikiwa imeishiwa, asingoje shehena inayofuata. Aulize kituo cha afya, Hospitali ya Wilaya ya Kibondo, Hospitali ya Mji Kasulu, au Hospitali ya Kabanga inayomilikiwa na Kanisa Katoliki. Wenye matatizo magumu hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Kigoma, Maweni. Asiyemudu gharama aonane na ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini kabla ya kuondoka bila dawa.

Fenobabitoni inadhibitiwa kimataifa chini ya mkataba wa mwaka 1971 wa dawa zinazoathiri akili, kwa hiyo haipaswi kuuzwa dukani bila cheti kama dawa za maumivu. Ni sababu nyingine ya kutongoja kidonge cha mwisho.

Wapo pia watu wanaohama. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu imepokea wakimbizi tangu mwaka 1996, na Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi. Mkimbizi mwenye kifafa anayejiandaa kurejea kwao, kama ilivyo kwa kijana wa Kasulu anayekwenda kufanya kazi Tabora au Mwanza, aombe mapema dawa ya kumtosha safari na wiki za mwanzo, pamoja na barua inayotaja jina la dawa, dozi na tarehe aliyoanza. Wiki mbili za kutafuta kliniki mpya bila dawa zinatosha kuharibu kazi ya mwaka.

Dozi moja ikisahaulika, imezwe mara inapokumbukwa siku hiyo. Kama muda wa dozi inayofuata umekaribia, iachwe na ratiba iendelee. Dozi mbili zisimezwe kwa pamoja kufidia.

Wanawake na wasichana

Sodiamu valproeti ikitumiwa wakati wa ujauzito huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro za maumbile, zikiwemo za uti wa mgongo, na kuchelewa kwa ukuaji wa akili. Mwaka 2023 WHO ilitoa mwongozo kuwa dawa hiyo isitumike kwa wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwanamke ambaye tayari yuko kwenye valproeti asiiache mwenyewe baada ya kusoma haya. Aende kliniki mapema, kabla ya kushika mimba ikiwezekana, ili abadilishiwe kwa utaratibu. Kuanguka kifafa wakati wa ujauzito nako kunahatarisha mama na mtoto. Anayepanga kuzaa aulizie pia vidonge vya foliki asidi.

Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango, na kwa kiasi fulani za vijiti vinavyopandikizwa mkononi. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi haziathiriwi kwa namna hiyo. Mimba nyingi zisizotarajiwa zingeepukwa kama mwanamke angetaja dawa ya kifafa katika chumba cha uzazi wa mpango, na kama mhudumu angemuuliza. Kunyonyesha kunaruhusiwa, mama anayetumia fenobabitoni aangalie kama mtoto anasinzia kupita kiasi au ananyonya kidogo, na atoe taarifa.

Dawa nyingine, chakula na kazi

Kabamazepini na fenitoini hupunguza nguvu ya dawa mseto ya malaria, ALu, ambayo ndiyo inayotumika zaidi nchini. Mgonjwa anayeugua malaria amweleze mtoa huduma dawa anayotumia ili tiba ichaguliwe na kufuatiliwa ipasavyo. Asiache dawa ya kifafa ili kupisha ya malaria. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye dolutegravia anahitaji umakini zaidi, kwa kuwa dawa hizo hizo za kifafa hushusha kiwango cha dolutegravia mwilini. Kliniki ya tiba na matunzo na kliniki ya kifafa lazima zijue kila moja inatoa nini. Dawa ya kifua kikuu, rifampisini, nayo hubadili viwango vya dawa nyingi za kifafa.

Pombe, iwe ya dukani, ya kienyeji au gongo, huongeza usingizi wa dawa na, ikikatika mwilini, huamsha kifafa. Kukosa usingizi usiku kucha kwenye sherehe au msibani ni kichocheo kingine. Kwa Waislamu wanaofunga Ramadhani, fenobabitoni ya usiku haigongani na saumu; dawa ya mara mbili kwa siku mara nyingi inaweza kupangwa wakati wa futari na wa daku, lakini mpango huo ufanywe na mtoa huduma kabla ya mwezi kuanza.

Katika mwezi wa kwanza wa dawa mpya, na kila dozi inapoongezwa, mgonjwa asiendeshe pikipiki wala baiskeli, asipande mchikichi au ngazi, asiingie mtoni na asichote maji kisimani peke yake. Moto wa mafiga ni hatari ya kila siku kwa anayepika akiwa na usingizi au aliye katika hatari ya kuanguka. Jiko lililoinuliwa na kuzungushiwa udongo, au mtu mwingine kuwa karibu chungu kikiwa motoni, hupunguza majeraha ambayo wodi za upasuaji huyaona mara kwa mara. Mtoto aendelee na shule. Mwalimu aelezwe kuwa kusinzia darasani katika wiki hizo kunatokana na dawa, na aelekezwe cha kufanya mtoto akianguka.

Vidonge vitunzwe mahali pakavu, katika kifungashio chake, mbali na watoto. Kabamazepini iliyofyonza unyevu inaweza kupoteza hadi theluthi moja ya nguvu zake, na nyumba zenye unyevu wakati wa masika zinatosha kuiharibu. Kidonge kikibadilika rangi au umbo katika ziara mpya, mgonjwa aulize kabla ya kumeza: inaweza kuwa dawa ile ile ya kiwanda kingine, au kipimo tofauti cha miligramu.

Kurudi kliniki

Huduma ya kifafa katika hospitali nyingi za umma hutolewa kwenye kliniki ya afya ya akili, jambo linalowafanya baadhi ya watu kuona aibu kusimama kwenye foleni hiyo. Kliniki imewekwa hapo kwa sababu wahudumu wake ndio waliofundishwa kuzitumia dawa hizi. Mgonjwa hajaitwa kichaa.

Kinachomsaidia daktari zaidi ni daftari la kawaida la shule lenye tarehe za kuanguka, tarehe dawa ilipoanza au kuongezwa, na maudhi yaliyojitokeza na saa zake. Kizunguzungu kinachokuja saa moja baada ya kumeza hurekebishwa kwa kugawa dozi. Kile cha kutwa nzima huenda kikahitaji dozi kupunguzwa. Bila daftari, vyote viwili hutajwa kwa neno moja, kizunguzungu, na daktari hubaki kukisia.

Madhara makubwa au yasiyo ya kawaida huripotiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo hadi mwaka 2019 iliitwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Mtoa huduma hujaza taarifa hiyo kituoni, na mgonjwa naye anayo haki ya kuomba ijazwe. Taarifa hizo ndizo zinazoiwezesha Mamlaka kugundua toleo la dawa lenye kasoro.

Mgonjwa aliyekaa miaka miwili bila kuanguka anaweza kuzungumza na daktari wake kuhusu kupunguza dawa. Si wote watakaoshauriwa kufanya hivyo, na wanaoshauriwa hupunguziwa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, wakirudi kliniki katika kila hatua.